Ushanga Mmoja Katika Kumi

Mazungumzo haya niliyatoa Mbeya mjini jioni moja ya mwezi wa saba, mbele ya wakulima wa mpunga kutoka Usangu, walimu wa sayansi na wanafunzi wa kidato cha sita. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nilichopunguza ni vikohozi, na zile dakika umeme ulipokatika tukakaa gizani tukisimuliana habari za mvua.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wanafunzi, habari za jioni. Asanteni kwa kuja na baridi hii. Nimeona mama mmoja pale nyuma amejitanda blanketi, na kusema kweli namwonea wivu.

Nimekuja na chupa mbili. Zote ni za mafuta ya kula, za lita moja, nimezisafisha kwa maji ya moto na majivu. Maji yaliyomo niliyachota wiki tatu zilizopita upande wa Ubaruku, kwenye mfereji unaopita kando ya majaruba aliyotuachia baba. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, ng'ombe wameshaingia kula mabua, lakini mferejini yalibaki maji ya kufika kifundo cha mguu, na juu ya matope kulikuwa na utando wa kijani unaoelekea weusi, unateleza kama bamia. Kila aliyelima mpunga anaujua. Nyumbani baba aliuita ute wa chura. Miche ikiwa bado midogo aliuondoa kwa reki akautupa juu ya tuta, akisema unaibana miche. Hakukosea sana, maana ukiwa mzito hulaza miche michanga. Ila ile aliyokuwa akiitupa juu ya tuta ilikuwa mbolea, na mwezi huohuo alikuwa akizunguka kukopa hela ya kununua nyingine.

Niliuona ute ule kwa hadubini kwa mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilitegemea takataka, nikakuta shanga: nyuzi ndefu, nyembamba, kila ushanga ni seli moja hai, rangi yake kijani iliyochanganyika na buluu. Kisha jicho likanasa kitu. Baada ya shanga kumi hivi kulikuwa na mmoja mkubwa kuliko wenzake, umepauka, una ganda nene, na pale unapogusana na jirani, huku na huku, una kitone kinachong'aa kama kichwa cha pini. Nikaufuata uzi taratibu. Shanga kumi na mbili, mkubwa. Shanga kumi, mkubwa. Kumi na nne, mkubwa. Nikamwita mwalimu nikamuuliza nani amezipanga. Akacheka, akaniambia nikipata jibu nimpelekee na yeye.

Swali hilo ndilo limenilisha mpaka leo, na ndilo nililowaletea jioni hii. Jibu lake, sehemu kubwa, tumelipata kwa msaada wa viduara vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Nitafika huko. Kwanza tuanze na njaa.

Hewa tunayovuta, asilimia 78 yake ni naitrojeni. Mkulima akisimama katikati ya jaruba lake pale Usangu, juu ya kila mita moja ya mraba anayoikanyaga kuna karibu tani 7 za naitrojeni. Mfuko wa yuria wa kilo 50 una kilo 23 tu, nao tunaupangia foleni. Mpunga umesimama chini ya tani 7 na bado unageuka njano kwa kukosa naitrojeni! Sababu ni kwamba naitrojeni ya hewani hutembea jozi jozi, na wawili hao wameshikana kwa mikono mitatu. Hakuna mmea unaoweza kuwaachanisha. Kiwandani huachanishwa kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia. Bakteria wachache huifanya kazi hiyohiyo ndani ya mfereji, maji yakiwa vuguvugu tu, kwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kiitwacho naitrojenasi.

Kimeng'enya hiki kina mambo mawili yanayosumbua. La kwanza ni gharama: kuachanisha jozi moja hula ATP 16, na ATP ndiyo sarafu ambayo seli hulipia kila kitu. La pili ni kwamba hakistahimili oksijeni. Oksijeni ikikifikia, kinaharibika moja kwa moja. Sasa wenyeji wa chupa yangu, sianobakteria (vitabu vya zamani viliwaita mwani wa kijani-buluu, ingawa ni bakteria), wao wanaishi kwa usanisinuru kama majani ya mpunga. Wanakula jua, wanatoa oksijeni. Yaani huyu bwana anazalisha mchana kutwa sumu ya kimeng'enya chake mwenyewe. Ni sawa na kuuza petroli ndani ya kibanda cha chipsi.

Wapo sianobakteria waliolitatua hilo kwa zamu, mchana wanakula jua na usiku wananasa naitrojeni. Hawa wa shanga, wa jamii za Anabaena na Nostoc, waligawana kazi. Shanga ndogo zinaendelea na jua. Zile kubwa zilizopauka zinajifungia ndani na kushughulika na naitrojeni. Wataalamu wa mimea walikuwa wameziona seli kubwa hizo tangu karne ya 19, wakazichora vizuri tu, bila kujua zina kazi gani. Mwaka 1968 ndipo Fay, Stewart, Walsby na Fogg, huko Uingereza, walipoandika kwamba huenda humo ndimo naitrojeni inamonaswa. Kisayansi huitwa heterosisti. Mimi jioni hii nitaziita seli mlishi, maana ndiyo kazi yake.

Tuangalie seli ya kawaida inavyogeuka kuwa mlishi. Uzi ukikosa naitrojeni kwenye maji, ndani ya saa 24 hivi mabadiliko yanakuwa yamekamilika. Seli inajijengea kuta za ziada nje ya ukuta wake, tabaka la sukari ngumu na chini yake tabaka la mafuta maalumu, ili oksijeni isipenye. Inazima ile sehemu ya usanisinuru inayopasua maji na kutoa oksijeni. Inaongeza upumuaji, ili oksijeni kidogo itakayojipenyeza ichomwe mlangoni kabla ya kuingia ndani. Vile vitone vinavyong'aa nilivyowaambia ni akiba ya naitrojeni, imejazwa kwenye shingo, mahali seli inapoungana na jirani. Kwa kuwa imezima jua lake, haiwezi tena kujitengenezea sukari: majirani wanaipitishia sukari kwenye vitundu vidogo vya ukutani, na yenyewe inawarudishia naitrojeni iliyokwisha kupikwa. Na hapo ndipo pananigusa kila nikipasimulia: seli hiyo haitagawanyika tena kamwe. Haina watoto. Seli ya kawaida inaweza kugawanyika, na watoto wake, na wajukuu. Mlishi anakaa palepale alipo, analisha uzi, mpaka anazeeka.

Mwanzoni bado kuna nafasi ya kurudi nyuma. Ukitia amonia kwenye maji mapema, kabla seli haijafika mbali, inaacha na kurudi kuwa ya kawaida. Baadaye hata umwage gunia zima la yuria, haisikii.

Nani basi anaamua? Hakuna mwenyekiti wa uzi. Kila seli ina jeni zilezile. Njaa ikiingia, seli nyingi zinaanza kujaribu kwa pamoja. Ndani yake inapanda protini inayoitwa HetR, na HetR ina tabia ya kujiongezea yenyewe, kidogo inaleta nyingi. Lakini seli iliyotangulia kidogo inaanza pia kutengeneza kiprotini kifupi mno, PatS, kinachovuja kwenda kwa majirani na kuizuia HetR yao. Fikirieni msiba kijijini. Watu wanakaa kimya, kila mtu anangoja nani aanzishe wimbo. Mama mmoja akianza, walio karibu naye hawaanzishi wa kwao, wanamwitikia. Ila kule mbali, upande wa jikoni, sauti yake haifiki, na huko mwingine ataanzisha. Ndiyo maana umbali kati ya mlishi na mlishi unakaribiana lakini haulingani, mara kumi, mara kumi na nne. Uzi ukirefuka kwa seli kugawanyika, katikati sauti inafifia, na pale anazaliwa mlishi mpya. Alan Turing, yule Mwingereza mwanahisabati, alishaandika mwaka 1952 kwamba kemikali zinazosambaa na kusigana zinaweza kuchora ruwaza zenyewe bila mchoraji. Hakuwa akizungumzia ute wa chura, lakini ungemfaa sana.

Naona kijana pale mbele ameshanyoosha mkono. Anauliza, mmejuaje kwamba ni HetR na si kitu kingine, wakati seli yenyewe huwezi hata kuishika? Swali zuri, na hapa ndipo plasmidi zinapoingia.

Kila bakteria ana kitabu chake kikubwa, yaani kromosomu. Wengi wana pia vikaratasi vya pembeni, viduara vya DNA vinavyojinakili vyenyewe na vinavyoweza kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Mara nyingi bakteria akikipoteza hafi. Wauguzi mliomo humu mnazijua plasmidi kwa ubaya wake, maana usugu wa dawa husafiri kwa njia hiyo.

Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Kazusa, Japani, walimaliza kusoma DNA yote ya Anabaena mmoja anayefugwa katika maabara nyingi duniani, namba yake PCC 7120. Kromosomu yake ina herufi milioni 6.4, yaani vile vipande vidogo vya kemikali ambavyo DNA huandikwa kwavyo. Pembeni ana plasmidi sita, zimepewa majina ya herufi za Kigiriki, kuanzia alfa hadi zeta. Alfa ina herufi kama 408,000. Zeta haifiki 6,000. Moja gunia, nyingine bahasha.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa wakulima wa maharage nao mpo. Mkichimbua maharage mnaona vile vinundu vya mviringo kwenye mizizi, ukikipasua ndani ni chekundu kama kimetiwa damu. Humo wanakaa bakteria waitwao rhizobia, nao pia wananasa naitrojeni. Kwa bakteria wa maharage, maelekezo ya kutengeneza kinundu na ya kunasa naitrojeni yameandikwa kwenye plasmidi. Kuna mmoja aliyechunguzwa sana Mexico, plasmidi yake hiyo ina herufi kama 371,000. Ukimnyang'anya, anaishi vizuri tu kwenye udongo, ila maharage hayamtambui tena. Kwa Anabaena mambo ni kinyume: jeni za naitrojenasi, ya HetR na ya PatS zimo kwenye kromosomu, ndani ya kitabu chenyewe, pamoja na kuwa ana plasmidi sita.

Mimi naisoma hivi. Kwa bakteria wa maharage, kunasa naitrojeni ni kibarua anachokifanya akipata tajiri wa kumpa makazi na sukari. Mwaka wa mahindi hakina maana, basi anakibeba pembeni. Kwa Anabaena ni chakula cha nyumbani. Lakini msiniwekee maneno haya kwenye mtihani kama sheria, maana bakteria wa soya wanazo jeni za kinundu kwenye kromosomu, na wanaishi. Viumbe hawakusoma vitabu vyetu.

Turudi kwa kijana. Ukitaka kujua jeni fulani inafanya nini, njia iliyo wazi ni kumpa seli nakala ya ziada, au kumrudishia ile iliyoharibika, halafu ukae uangalie. Ili kumpa, unaiandika kwenye plasmidi. Ugumu ni kuiingiza. Mwaka 1984 Peter Wolk na wenzake, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichukua plasmidi ndogo ya Nostoc, wakaiunganisha na plasmidi ya bakteria wa utumboni, E. koli, wakapata moja inayoweza kujinakili katika nyumba zote mbili. Kisha wakaipeleka kwa njia ambayo mtu wa kwetu haitaji kuelezwa mara mbili, kwa mshenga. Bakteria mmoja amebeba ujumbe. Mwingine amebeba plasmidi ya kujenga daraja, yenye uwezo wa kuunganisha bakteria wasio ndugu. Wa tatu ni Anabaena, ndiye anayechumbiwa. Unawachanganya kwenye kitone kimoja, unawaacha pamoja usiku kucha.

Mimi posa yangu ya kwanza ilikataliwa miezi minne. Nilikuwa nasoma ughaibuni, baridi kuliko hii. Nilikuwa namwaga mchanganyiko juu ya utando mweupe mwembamba, unaulaza kwenye sahani yenye dawa aina ya neomaisini. Seli iliyopokea plasmidi inakuja na kinga ya dawa hiyo, isiyopokea inakufa. Kila mara siku ya tano utando unageuka njano, siku ya kumi unakuwa mweupe kabisa kama karatasi, na hakuna kilichoota. Nikabadilisha taa. Nikabadilisha maji. Nikaanza kumshuku mwenzangu wa meza ya jirani, Mungu anisamehe.

Tatizo lilikuwa mhuri. Anabaena ana walinzi, vimeng'enya vinavyokagua DNA yoyote ngeni na kuikata vipande pale vinapokuta maneno fulani. Viwili kati ya vinavyojulikana sana maabara duniani, AvaI na AvaII, vimepewa jina kutokana na Anabaena variabilis. DNA ya nyumbani haikatwi kwa kuwa maneno hayo yamepigwa alama ndogo ya kemikali. Plasmidi yangu ilikuwa inafika kama lori linalofika Tunduma bila karatasi. Tena dawa yake ilikwisha julikana tangu 1988: Jeff Elhai na Wolk walionyesha kwamba yule bakteria anayebeba ujumbe unampa plasmidi nyingine ya kusaidia, inayopiga alama zile kabla ya safari. Maabara yetu ilikuwa nayo. Mimi nilikuwa nachukua kichupa cha pembeni yake, maandishi yamefutika, nikasoma nilichotaka kusoma. Siku niliyochukua kichupa chenyewe, baada ya siku kumi na moja, juu ya utando uliopauka vilikuwepo vitone vya kijani ishirini na tatu, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti. Nilivihesabu mara tatu. Nilimpigia simu baba usiku wa manane wa huku, akadhani kuna msiba.

Basi plasmidi zimetuambia nini? Mwaka 1991 Buikema na Haselkorn, Chicago, walikuwa na Anabaena aliyepoteza uwezo wa kutengeneza seli mlishi kabisa. Wakamletea vipande vya DNA ya mzima, kimoja kimoja kwenye plasmidi, mpaka wakapata kile kilichomrudishia uwezo. Ndani yake ilikuwamo hetR, jeni inayotengeneza protini ya HetR. Walipompa nakala nyingi kupita kawaida, akatengeneza walishi wengi, wamesongamana, hata kwenye maji yenye naitrojeni ya kutosha. Mwaka 1998 Yoon na Golden walikutana na kinyume chake: kipande cha DNA ambacho kikiingizwa kwa plasmidi, uzi hautoi mlishi hata mmoja na unakaa na njaa. Wakakichambua wakaipata patS. Kiprotini chake kina amino asidi (matofali ya kujengea protini) 17 tu kikiwa kizima, na sehemu inayofanya kazi ni tano. Ukiweka hizo tano peke yake kwenye maji, walishi hawazaliwi. Ukiifuta patS, shanga kubwa zinaota mbilimbili, tatutatu, bila adabu ya nafasi. Kwa hiyo, kijana wangu, hivyo ndivyo tulivyojua. Tuliwapelekea barua, tukaangalia wanavyozipokea.

Kuna jambo moja sikulitaja nilipoeleza seli inavyogeuka, nililiweka makusudi. Katika seli za kawaida za Anabaena huyu, jeni moja ya naitrojenasi, nifD, imekatwa katikati: kuna kipande kigeni cha herufi kama 11,000 kimekaa ndani yake, hivyo haisomeki. Seli inapokaribia kuwa mlishi, kimeng'enya kilichoandikwa ndani ya kipande hichohicho kinakata kingo zake mbili, kipande kinachomoka, na jeni inaungana herufi kwa herufi. Kilichochomoka kinajifunga kuwa duara, ukikitazama utadhani plasmidi. Golden, Robinson na Haselkorn waliliandika hili mwaka 1985. Baadaye vikaonekana vingine viwili, kimoja cha herufi kama 59,000 na kingine kama 10,000, navyo huchomolewa wakati huohuo.

Kwenye mtihani tunafundishana kwamba seli zote za mwili mmoja zina DNA ileile, zinatofautiana kwa kurasa zinazosomwa. Mara nyingi ni kweli. Lakini huyu wa mferejini anachana kurasa. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu hatazaa. Kitabu anachokiharibu hatamrithisha mtu. Na kile kipande kigeni kinaishi miaka na miaka ndani ya seli za kawaida kwa sababu kinajua kuondoka kwa wakati. Kingekuwa king'ang'anizi, uzi ungekufa njaa nacho kikafa nao. Mpangaji anayelipa kodi kwa kuhama siku mwenye nyumba anapokihitaji chumba, ndivyo ninavyomwona.

Sasa kwa wakulima, kabla hamjaniuliza. Ndiyo, utando huu hurutubisha jaruba. Mwaka 1939 Mhindi P. K. De alieleza kwamba mashamba ya mpunga yanaendelea kuzaa mwaka baada ya mwaka bila mbolea kwa sehemu kubwa kutokana na viumbe hawa. China na Vietnam kwa karne nyingi wamefuga kwenye majaruba yao azola, jani dogo linaloelea. Ndani ya kila kijani chake kuna kichumba, na ndani ya kichumba anaishi Nostoc. Huyo amezoea kulelewa kiasi kwamba alipokuja kusomwa DNA yake, 2010, karibu theluthi ya jeni zake zilikutwa zimeharibika. Hawezi tena kuishi nje ya azola. Na kwa kuwa analishwa, nyuzi zake zina walishi wengi kuliko wale wa mferejini, robo ya shanga au hata zaidi.

Lakini utando hauwezi kuchukua nafasi ya mfuko wenu wa yuria msimu ujao, na sitaki mtu atoke hapa na maneno hayo. Unatoa kidogo kidogo, unataka maji yaliyotulia na mwanga, unataka fosforasi, na konokono wanaupenda. Tena ukimwaga yuria nyingi, wenyewe wanaacha kunasa. Si wajinga: chakula kipo, kwa nini seli ijitoe? Miaka miwili iliyopita mtu alipita vijijini kwetu na chupa za maji ya kijani, akisema ni bakteria wa naitrojeni, mfuniko mmoja kwa pampu nzima ya kupulizia. Shangazi yangu alinunua tatu. Nilizitazama kwa hadubini: rangi ya chakula, na bakteria wa kawaida wa maji yaliyolala. Mkiuziwa kitu kama hicho, mleteeni mwalimu wa baiolojia kabla ya kulipa. Shanga zinaonekana kwa hadubini ya sekondari, hazihitaji maabara ya ulaya.

Na lingine la kiusalama, kwa haraka. Baadhi ya ndugu wa hawa hutoa sumu. Lambo likifunikwa na rangi ya kijani kama imemwagwa, ng'ombe wasinywe hapo.

Mama mwenye blanketi anauliza kwa nini tusichukue jeni hizi tukaziweka kwenye mahindi. Mama, watu wanajaribu, na nawaombea. Ila naitrojenasi haiji na jeni moja, inakuja na ukoo, na mahindi yanatoa oksijeni kama Anabaena. Ukiyapa mahindi naitrojenasi lazima uyape na chumba cha kujifungia. Ndiyo maana mimi nang'ang'ania chumba. Wengine wanasomea injini, mimi nasomea nyumba ya injini.

Hadubini iko pale kwenye meza ya kona, chini ya taa. Vioo viwili. Cha kushoto ni chupa ya kwanza, maji ya mfereji kama yalivyo. Cha kulia ni chupa ya pili, ambayo wiki mbili zilizopita niliitia yuria, kiasi cha ncha ya kijiko. Chagueni uzi mmoja kila kioo, mhesabu shanga mia, muandike kwenye daftari nililoliacha hapo mmeona kubwa ngapi. Kushoto natarajia tano hadi kumi. Kulia sisemi, hesabuni wenyewe. Wazee watangulie, wanafunzi mjipange nyuma yao, na tafadhali mzungushe skrubu ndogo tu. Ile kubwa ikizungushwa sana inavunja kioo, na vioo nilivyobaki navyo ni hivyo viwili.